Ukitaka kuhifadhi historia ya gemu, anza na waliocheza

Vijana wengi wanaoniuliza waanzie wapi kuhifadhi gemu za zamani huwa wameshaanza kutafuta mashine. Ushauri wangu ni huu: watu kwanza. PlayStation 2 ziliuzwa zaidi ya milioni 150 duniani, kwa hiyo ya kwenu ikifa, nyingine itapatikana. Ila namna vibanda vya gemu vya Mwanjelwa, hapa Mbeya, vilivyoendeshwa, nani alikaa kwenye pedi na nani alisubiri benchi, haijaandikwa popote. Wanaoikumbuka sasa ni watu wazima wenye familia, wengine wameshahamia Dar.

Simu yako inatosha kurekodi. Usiulize "zamani ilikuwaje?", utajibiwa "ilikuwa raha tu." Uliza hivi: umeme ukikatika mechi ikiwa katikati, nani alirudishiwa hela? Swali hilo halijawahi kuniangusha. Mtu anacheka, anakumbuka bei, anamkumbuka mwenye kibanda, na ugomvi wa siku ile unatoka wote.

Kwa mchezo wa bao, elekeza kamera kwenye mashimo, uso wa mzee utaurekodi baadaye. Bao la Kiswahili lina mashimo 32 na kete 64. Kila mchezaji anaanza na kete 10 ubaoni na 22 mkononi za kunamua, yaani kuziingiza ubaoni moja moja. Hayo yameshaandikwa vitabuni. Mzee mmoja wa Tukuyu niliyemrekodi alikuwa akishika kete anasita, vidole vinahesabu kimyakimya, kisha anataja kete ya mwisho itaangukia wapi kabla hajatembeza hata moja. Nilimwomba afikirie kwa sauti, na hapo ndipo nilipopata kitu ambacho kitabu hakina. Wazee wawili wakibishana kuhusu sheria ya nyumba, lile shimo maalumu la bao, usiwaamue. Rekodi ubishi wote, kwa sababu nao ni historia.

Michezo ya utotoni kama rede, mdako na kombolela ni rahisi zaidi: waombe kina mama wawaonyeshe watoto, wewe rekodi.

Sasa vifaa. Masika yetu ya Mbeya yana unyevu mwingi, na unyevu ni adui. Kaseti ya gemu isiposoma usiipulize kwa mdomo, maana mvuke wa pumzi unaleta kutu kwenye meno yake. Chovya kijiti cha pamba kwenye spiriti, futa mpaka pamba itoke safi, acha ikauke kabisa. Hifadhi kwenye ndoo yenye mfuniko unaobana, pamoja na vile vipakiti vya kukausha unyevu vinavyokuja na viatu vipya. CD za kuchoma zisikae juani, na zilizo nzima zinakili mapema.

Usisubiri kampuni zikufanyie kazi hii. Mwaka 2023, Video Game History Foundation ya Marekani ilionyesha kwamba asilimia 87 ya gemu zilizotoka nchini humo kabla ya 2010 hazipo tena sokoni. Kama huko kwenye makampuni makubwa hali ni hiyo, ya mtaani kwetu atayatunza nani kama si sisi?

Kila rekodi ipe jina lenye mahali, mwaka na mchezo. Weka nakala kwenye diski mbili zinazokaa nyumba tofauti, na moja mpe mzee au familia yake. Walio Iringa wabishe hodi pale Boma, kwenye makumbusho ya mkoa, waulize kama watapokea nakala. Na kabla hujaweka video yoyote mtandaoni, mwombe ruhusa mwenyewe.