Jibu: Nikimpa baba kipande cha ini, nitabaki na nusu maisha yangu yote?
Pole kwa kuuguza, mdogo wangu. Hapana, hutabaki na nusu. Mtu mzima akimpa mtu mzima mwenzake, kwa kawaida hukatwa upande wa kulia, kama asilimia 60, na kilichobaki huanza kukua ndani ya siku chache. Baada ya miezi kadhaa kinakaribia ukubwa wa awali. Mimi nilimtolea kaka yangu huko India; nilirudi Kirumba na kovu refu, na kwa wiki kadhaa hata ndoo ya maji sikunyanyua.

Ila umesema mzee ni mvuvi wa Ukerewe na anatapika damu. Huku ziwani hiyo mara nyingi ni kichocho: mayai ya minyoo huziba mishipa midogo ya ini, presha ya damu inayopita kwenye ini inapanda, mishipa ya koo la chakula inavimba hadi inapasuka. Ini lenyewe huenda bado linafanya kazi, na mishipa hiyo hufungwa kwa endoskopi (mpira mwembamba wenye kamera unaopitishwa mdomoni) bila kupandikiza chochote. Mpelekeni hospitali ya Bugando, Mwanza, leo leo, damu haisubiri. Apimwe pia homa ya ini B.

Mtoaji naye anaweza kufa kwa upasuaji huu. Ni nadra, lakini hutokea. Mama ajue hilo kabla hujasaini.