Maswali ya Wasomaji: Fedha za Ulezi Hufuata Jina la Nani?

Barua za toleo hili zinatoka kwa watu wanaowalea na kuwatunza wengine bila ujira, na zote zinagusa jambo moja: serikali inapotoa fedha kwa ajili ya mtoto, mzee au mwenye ulemavu, yule aliyeacha shughuli zake ili amtunze ana haki gani yeye mwenyewe? Majibu yanahusu sheria na taratibu za Kenya, isipokuwa pale msomaji alipouliza habari za kwingine.

Swali: Kifungua mimba wangu ana miaka 19 na alizaliwa na mtindio wa ubongo. Hawezi kula, kuoga wala kujigeuza kitandani bila mtu. Nilikuwa napika mahamri ya kuuza, lakini sasa amekuwa mzito na siwezi kumwacha. Kadi ya ulemavu tunayo tangu mwaka juzi, na hatujaona hata shilingi. Zile shilingi 2,000 za serikali ni zangu mimi ninayemlea au ni zake? Na hii kadi ina kazi gani? — *Mama, Kilifi*

Jibu: Pole kwa kazi, Mama. Fedha hizo ni za mwanao, na wewe ni mpokeaji kwa niaba yake. Programu ya watu wenye ulemavu mkubwa, ambayo ni mojawapo ya zile zinazokusanywa chini ya jina la Inua Jamii, ilianza mwaka 2011, na walengwa wake ni wale wasioweza kuishi bila uangalizi wa kudumu wa mtu mwingine, yaani mtu wa kuwalisha, kuwapeleka msalani na kuwalinda wasidhurike. Angalia sharti hilo lilivyo. Kuwepo kwako usiku na mchana ndiko kunakothibitisha kwamba kijana anastahili kusaidiwa, na hata hivyo saa zako hazihesabiwi popote. Malipo hayaongezeki kwa kuwa mzigo umeongezeka, na siku ambayo mlengwa hayupo tena, kwa kufariki au kwa kuhamia kwa mlezi mwingine, jina lako linatoka kwenye orodha bila kukuachia dai lolote. Shilingi 2,000 zenyewe zimesimama hapo kwa zaidi ya miaka 10, wakati unga, mafuta na nepi za watu wazima havikusimama.

Kuhusu kadi, ninadhani hapa ndipo mlipokwama, kwa sababu watu wengi huamini kwamba kuwa na kadi ni sawa na kuandikishwa Inua Jamii, na sivyo. Hizo ni ofisi mbili tofauti. Kadi hutoka kwa Baraza la Kitaifa la Watu wenye Ulemavu baada ya uchunguzi wa madaktari hospitalini, na kwa kadi hiyo unaweza kuomba kiti cha magurudumu au kifaa kingine saidizi, kuomba msaada wa karo, na, kwa mwenye kadi aliye na mshahara, kuomba msamaha wa kodi kwa kipato kisichozidi shilingi 150,000 kwa mwezi. Hilo la mwisho halimfai kijana asiye na kipato, lakini la kiti lifuatilie, hasa kama mgongo wako umeshaanza kulalamika.

Inua Jamii huandikishwa kupitia chifu na ofisi ya maendeleo ya jamii ya kaunti ndogo, na uandikishaji hufanywa kwa awamu, bajeti inaporuhusu, si siku yoyote mtu anapofika. Usingoje kuitwa kwenye baraza. Nenda katika ofisi hiyo ukaulize waziwazi kama jina la mwanao limo katika sajili, na kama halimo, omba liingizwe miongoni mwa wanaosubiri awamu ijayo. Beba kitambulisho chako, kadi yake na nakala ya ripoti ya uchunguzi. Kwa kuwa amepita miaka 18 anatakiwa pia awe na kitambulisho chake cha taifa, na hili lianze mapema, maana picha na alama za vidole humtaka awepo mwenyewe, na safari moja ya kumbeba hadi mjini si jambo dogo. Kuhusu mahamri, usiogope kuuza pale unapopata mtu wa kukushikia zamu, kwa kuwa kinachopimwa ni hali ya kaya nzima. Uandikishaji haulipiwi, atakayekuomba "ya chai" ili asukume jina anauza asichokuwa nacho.

Swali: Nina miaka 58. Binti yangu alifariki na kuniachia wajukuu watatu, mkubwa yuko kidato cha pili. Baba yao yuko Nairobi na hatumi kitu. Nilipouliza kuhusu fedha za mayatima niliambiwa watoto hawa si yatima kwa kuwa baba yu hai. Je, ni kweli? — *Nyanya wa watatu, Busia*

Jibu: Si kweli, Nyanya. Programu ya fedha kwa mayatima na watoto walio katika mazingira magumu, iliyoanzia kwa majaribio mwaka 2004 katika kaya 500 za Garissa, Kwale na Nairobi, haikuwahi kumtaka mtoto awe amefiwa na wazazi wote wawili. Aliyefiwa na mmoja anahesabiwa, na vilevile yule ambaye mlezi wake anaugua kwa muda mrefu, ilimradi kaya ni maskini na mtoto hajafikisha miaka 18. Programu hiyo pia humtambua mlezi yeyote anayekaa na watoto, awe nyanya, shangazi au kaka, na fedha hupokewa kwa kitambulisho chake.

Kinachowakwamisha walezi wa umri wako mara nyingi ni karatasi. Cheti cha kifo cha binti yako ndicho kinachobeba ombi lote, na vyeti vya kuzaliwa vya watoto ndivyo vinavyoonyesha kwamba aliyekufa alikuwa mama yao. Familia nyingi hubaki na kibali cha mazishi tu na kudhani kimetosha. Hakitoshi, kipeleke kwa msajili wa vizazi na vifo ukaombe cheti chenyewe. Kama mtoto mmojawapo hakusajiliwa alipozaliwa, usajili wa kuchelewa unawezekana, na naibu wa chifu anayeijua familia ndiye wa kuanzia.

Kwa yule wa kidato cha pili, ulizia basari ya Rais kwa mayatima wa shule za sekondari, ambayo husimamiwa na idara ya huduma za watoto, na uombe mapema kabla muhula haujaanza.

Baba naye asiachwe nyuma kwa sababu tu yuko mbali. Ibara ya 53 ya Katiba inaweka wajibu wa malezi sawasawa kwa baba na mama, wawe walioana au hawakuoana, na Sheria ya Watoto ya 2022 inaitambua pia hali ya mtoto kulelewa na jamaa zake. Afisa wa watoto katika kaunti yako ndogo anaweza kumwita mtuhumiwa, kuwapatanisha na kuandika makubaliano ya matunzo, na akikataa, suala huenda katika mahakama ya watoto. Wazee wengi huona haya kumshtaki mkwe, na ninaelewa kwa nini, lakini matunzo hayo ni haki ya watoto na si fadhila kwako. Ushauri wa awali unaweza kuupata kwa simu ya bure, namba 116.

Swali: Dada yangu anaishi Leicester na anasema serikali ya Uingereza inamlipa kwa kumtunza mama mkwe wake nyumbani. Mimi namtunza baba yetu Mombasa na sipati kitu. Je, anachosema ni kweli, na kwa nini kwetu hakuna? — *Msomaji, Mombasa*

Jibu: Ni kweli, ndugu yangu, ingawa huenda dada hakukusimulia yote. Posho hiyo inaitwa Carer's Allowance, na tofauti yake kubwa na Inua Jamii ni kwamba hulipwa kwa jina la mlezi mwenyewe. Katika mwaka wa fedha ulioanza Aprili 2025 ilikuwa pauni 83.30 kwa wiki. Mwombaji lazima awe anamtunza mtu kwa saa zisizopungua 35 kila wiki, na mtu huyo awe tayari analipwa mojawapo ya posho za ulemavu au ya uangalizi wa wazee. Ukiigawanya posho kwa saa hizo 35 inatoka pauni 2 na peni 38 kwa saa, wakati kima cha chini cha mshahara kwa mtu mzima nchini humo mwaka huohuo kilikuwa pauni 12.21. Mlezi akiwa na kazi ya pembeni, mapato yake yana kikomo, ambacho mwaka huohuo kilikuwa pauni 196 kwa wiki, na akizidisha hata kwa pauni moja hupoteza posho nzima ya wiki hiyo. Maelfu ya walezi wamejikuta wakidaiwa na serikali fedha walizokwisha kuzila zamani. Wahamiaji wengi walioko huko kwa viza za muda, kwa upande wao, hawaruhusiwi kabisa kuomba posho za umma.

Haki hiyo haikuja kwa hisani. Posho ilipoanzishwa mwaka 1976 wanawake walioolewa walizuiwa kuipokea, hoja ikiwa kwamba mke wa mtu angekuwa nyumbani vyovyote vile. Jacqueline Drake, mwanamke aliyeacha kazi mwaka 1984 ili amtunze mama yake mwenye ulemavu mkubwa, aliipinga kanuni hiyo hadi mahakama ya Jumuiya ya Ulaya, na mnamo Juni 24, 1986 akashinda. Serikali ilikuwa imetangaza siku moja tu kabla ya hukumu kwamba itawaruhusu walioolewa.

Sasa rudi nyumbani. Ibara ya 57 ya Katiba ya Kenya inampa mzee haki ya kutunzwa na familia yake na Serikali pia, lakini kwa vitendo upande wa Serikali umeishia kwenye shilingi 2,000 kwa waliofikisha miaka 70, na za baba yako, kama anazipata, ni zake. Mtunzaji hatajwi. Utafiti wa Shirika la Taifa la Takwimu kuhusu matumizi ya muda, uliofanywa mwaka 2021, ulionyesha kwamba wanawake hutumia asilimia 18.7 ya muda wao kwa kazi za nyumbani na za ulezi zisizo na malipo, na wanaume asilimia 3.6. Barua yako, inayotoka kwa mtoto anayemwuguza mzazi, ingepaswa kusomwa na wanaopanga bajeti.

Kama ningeulizwa tuazime nini kutoka Uingereza, nisingeanza na pauni 83. Mlezi anayepokea posho ile huhesabiwa pia kana kwamba anachangia mfuko wa hifadhi ya jamii, hivyo miaka ya kumtunza mzazi haiachi pengo katika pensheni yake. Kwetu, mwaka usiochangia NSSF ni mwaka uliopotea. Kwa sasa tiba ni ndogo: mpango wa Haba Haba wa mfuko huo humruhusu asiye na mwajiri kuweka kuanzia shilingi 25 kwa siku, na ninakushauri ujiunge hata kama unaona aibu ya udogo wa kiasi, kwa sababu utakapomaliza kumtunza baba utakuwa umekaribia uzee wako mwenyewe.

Swali: Mtoto wangu amelazwa na mke wangu amejifungua karibuni. Je, naweza kutumia likizo ya ugonjwa ili nikae naye hospitalini? — *Mfanyakazi, Nakuru*

Jibu: Hapana. Likizo ya ugonjwa katika Sheria ya Ajira ya 2007 ni ya mfanyakazi anayeugua mwenyewe, na ukiidai kwa ugonjwa wa mtoto unampa mwajiri sababu ya kukuadhibu. Tumia kwanza wiki 2 za likizo ya uzazi ya baba, zinazolipwa kikamilifu, kama hujazimaliza. Kisha omba sehemu ya siku 21 za likizo ya mwaka, ambayo mnaweza kukubaliana igawanywe. Ombi liwe kwa maandishi, na soma mkataba wa chama chenu cha wafanyakazi, kwa kuwa baadhi ya mikataba hutoa siku za dharura ya kifamilia ambazo sheria yenyewe haikuzitaja.