Maswali ya Wasomaji: Kampala na Mapaa Yake

Salaam mhariri. Nina wageni kutoka Kisumu, watu wazima wawili na watoto watatu, na tuna siku moja tu. Tuanzie kilima kipi tusije tukapanda na kushuka ovyo? – Msomaji, Bombo

Anzieni Old Kampala, kwenye mnara wa Msikiti wa Taifa. Ngazi zake zinapita 300, nazo huzunguka hadi juu, kwa hiyo pandeni asubuhi kabla jua halijawa kali. Ukifika kileleni safari yote ya siku unaiona mbele yako: kuba la kanisa kuu la Namirembe, minara miwili ya kanisa kuu la Rubaga, na Lubiri, kasri la kabaka (mfalme wa Buganda), pale Mengo. Watoto washikwe mkono wakati wa kushuka, maana ndipo magoti hulegea na mguu huteleza. Akina mama wabebe kanga na mtandio. Ijumaa adhuhuri msiende, ni wakati wa swala. Msikiti wenyewe ulianzishwa enzi za Idi Amin mwaka 1972, ujenzi ukakwama miaka mingi, hadi fedha za Libya zilipoumalizia.

Kutoka hapo Namirembe ni karibu, mnakwenda kwa miguu. Kabla ya kuingia kanisani simameni nje muangalie paa. Kilima hicho kimeona makanisa matano. La pili liliangushwa na dhoruba mwaka 1894, la tatu paa lake likaliwa na mchwa, na la nne, lililoezekwa kwa nyasi, likapigwa radi na kuungua mwaka 1910. Hili la sasa lilijengwa kati ya 1915 na 1919 kwa matofali ya udongo na vigae vya udongo, na baada ya hasara zote hizo sababu iko wazi.

Rubaga pitieni kwa boda au taksi, kisha malizieni Mengo kwa kutembea barabara ya Kabakanjagala, kutoka lango la Lubiri hadi Bulange, jengo la bunge la Buganda, mkitazama alama za koo zilizopangwa kandokando. Kasubi iacheni siku nyingine. Ukiwaburuza watoto waliochoka hadi makaburini, hakuna atakayeona kitu.

Makaburi ya Kasubi yaliungua, lakini yakaezekwa tena kwa nyasi. Kwa nini hawakuweka mabati wakapumzika? – Msomaji, Arua

Kwa sababu pale paa ndilo jengo. Muzibu Azaala Mpanga, nyumba kuu ya makaburi hayo, ina upana wa mita 31 hivi kwa nje, na nyasi zake huteremka karibu kugusa ardhi, hata ukuta huuoni. Ndani, paa linashikwa na pete za matete zilizofungwa moja juu ya nyingine, 52 kwa jumla, kwa hesabu ya koo za Buganda. Kazi ya kuezeka ni ya ukoo wa Ngeye. Ukiweka bati, pete hazina kazi, Ngeye hawana kazi, na makaburi ya makabaka wanne yanabaki chini ya banda.

Kiufundi pia, nyasi si duni kama watu wanavyodhani. Hazizuii maji kwa kuwa ngumu. Kinachoyazuia ni mteremko mkali na unene: tone hutiririka kutoka jani hadi jani na kudondoka kabla halijapenya ndani. Paa likilala mno, au likikonda mahali pamoja, maji hutuama, nyasi huoza, na uvujaji huanzia hapo. Adui mkubwa ni moto, na usiku wa tarehe 16 Machi 2010 ulionyesha hivyo. UNESCO iliiweka Kasubi kwenye orodha ya urithi ulio hatarini mwaka huohuo, ikaiondoa 2023.

Ukienda, vua viatu mlangoni. Mwanamke aliyevaa suruali ajifunge kitenge, na ndani hukaa chini miguu ikiwa imekunjwa upande. Kabla ya kulipa kiingilio, uliza langoni ni sehemu zipi ziko wazi siku hiyo.

Picha zangu za hekalu la Wabahai pale Kikaaya hutoka kijivu, kuba halina rangi. Simu yangu mbovu? – Msomaji, Ntinda

Simu ni nzima, saa ndiyo mbaya. Hapa karibu na ikweta jua hupanda karibu wima, nyuzi 15 kwa saa, kwa hiyo mwanga laini wa asubuhi hudumu kama dakika 40 tu. Saa nne tayari mwanga unamwagika kutoka juu na vigae vya kijani vinapauka. Nenda mapema kadiri lango linavyoruhusu, au jioni kabla ya kufungwa, hasa baada ya mvua iliyosafisha vumbi hewani.

Halafu zunguka. Jengo lina pande tisa, kwa hiyo kila wakati kuna upande wenye jua na jirani yake wenye kivuli. Simama penye kona inayotenganisha hizo mbili. Gusa kuba kwenye kioo cha simu, usiguse anga, la sivyo simu itafuata weupe wa mawingu na kulifanya kuba jeusi. Rudi nyuma hadi simu isimame wima bila kuiinamisha. Ndani hairuhusiwi kupiga picha.

Nataka kumwona bulwe, yule ndege korongo nyangumi, pale kwenye kinamasi cha Mabamba bila kupoteza siku. – Msomaji, Entebbe

Kutoka Entebbe vuka ziwa kwa bandari ndogo ya Nakiwogo, usizunguke hadi Kampala. Uwe ndani ya mtumbwi mapema asubuhi. Chagua wa kusukumwa kwa upondo, maana injini humfukuza ndege kabla hujamwona. Bulwe hutafuta kambare mamba, samaki ambaye lazima apande juu kuvuta hewa, na ndege humngoja hapohapo. Kwa hiyo mwambie msukumaji asimamishe mtumbwi penye maji tulivu kati ya mafunjo, akae kimya. Beba darubini na kofia, na mfuko wa plastiki wa simu: maji huingia mtumbwini kila upondo unapoinuliwa.