Je, msahafu ni Kurani peke yake?

Swali: Nilimsikia mhubiri mmoja akiinua Biblia na kuiita "msahafu wetu". Jirani yangu, ambaye ni Mwislamu, akaniambia neno hilo ni la Kurani tu, tena limetokana na "sahihi", yaani kitabu kisicho na kosa. Nani kati yao amepatia?

Jibu: Nianze na jirani yako. Kweli, kwa Waswahili walio wengi, ukitaja msahafu bila kuongeza neno jingine, kinachokuja akilini ni Kurani. Lakini hata hapo maneno hayo mawili si pacha. Kurani ni maneno yenyewe. Msahafu ni kitabu kinachoyabeba. Ndiyo maana twasema fulani amehifadhi Kurani, hatusemi amehifadhi msahafu, isipokuwa kama ameufungia kabatini. Msahafu hununuliwa, hufunikwa kitambaa, huchanika, hushikwa mtu anapokula yamini. Kurani husomwa, hufasiriwa, huteremshwa. Na kile kijitabu chenye sehemu moja kati ya zile 30 za Kurani watu hukiita juzuu, hawakiiti msahafu, kwa kuwa msahafu ni mzima, tangu Alfatiha hadi sura ya 114.

Tofauti hiyo imo katika asili ya neno. Kiarabu ni mushaf, mzizi wake mmoja na wa sahifa, yaani kipande cha kuandikia au ukurasa, ambacho wingi wake ni suhuf. Suhuf ni kurasa. Mushaf ni kurasa zilizokusanywa kati ya majalada mawili. Neno suhuf limo ndani ya Kurani yenyewe: sura ya 87 inamalizikia kwa suhuf za Ibrahimu na Musa. Mushaf halimo. Mapokeo ya Kiislamu yanaeleza hivi: baada ya vita vya Yamama huko Arabuni, Abubakari, khalifa wa kwanza baada ya Mtume Muhammad, alimwagiza Zaid bin Thabit, aliyekuwa mwandishi wa Mtume, aikusanye Kurani iliyokuwa imetawanyika, na kilichopatikana kikaitwa suhuf, kikaishia mikononi mwa Hafsa, mjane wa Mtume. Othman, khalifa wa tatu, ndiye baadaye aliyeamuru zinakiliwe nakala za kupelekwa mijini, na nakala hizo ndizo zinazoitwa misahafu.

Sasa tumgeukie mhubiri, maana upande wake una utamu ambao pengine hata yeye haujui. Kwa Kiarabu, kuandika ni kataba, na huko ndiko tulikopata kitabu, katibu na maktaba. Mzizi wa mushaf hauna kitenzi cha kawaida cha kuandika katika Kiarabu cha kale. Ukivuka Bahari ya Shamu unakikuta: katika Kigeezi, lugha ya kale ya kanisa la Ethiopia, sahafa maana yake ni "aliandika", na mashaf ni kitabu, kitabu chochote. Kwa hiyo wataalamu wa lugha za Kisemiti, jamii yenye Kiarabu na Kigeezi, wamelitazama neno mushaf kuwa ni mgeni aliyehamia Kiarabu kutoka Uhabeshi. Wala wazo hilo halikuanzia kwa wataalamu wa Ulaya. Suyuti, mwanachuoni wa Misri aliyefariki mwaka 1505, amenakili simulizi kwamba Waislamu wa mwanzo walipokuwa wakitafuta jina la kitabu kilichokusanywa, mmoja wao alipendekeza hilo kwa kuwa alilisikia kwa Wahabeshi. Na Wakristo wa Ethiopia hadi leo Biblia wanaiita Metsehaf Kidus, kitabu kitakatifu. Mhubiri wako, bila kukusudia, amelirudisha neno kwenye matumizi ya huko lilikopitia.

Je, ni Kiswahili kizuri? Katika wingi sioni tatizo: "misahafu ya dini zote inakataza dhuluma" ni sentensi ya kawaida na haimkwazi mtu. Katika umoja, mimi ningeshauri "Biblia" au "Maandiko Matakatifu" kwa Wakristo, si kwa sababu ya marufuku yoyote ya kisarufi, bali msikilizaji ataelewa Kurani kabla hujamaliza sentensi. Ukitaka kulitumia, liongezee la kulibainisha, kama mhubiri alivyosema "wetu".

Kuhusu "sahihi", hapo jirani amepotea. Mzizi wa sahihi ni s-h-h, wenye maana ya uzima na usalama wa kitu. Wa msahafu ni s-h-f. Zinafanana mwanzo tu. Kitabu kinaweza kuaminiwa kuwa hakina kosa, na imani hiyo ina hoja zake, lakini haikutoka kwenye jina hili.

Msomaji makini atauliza pia kwa nini wingi ni misahafu ilhali Waarabu husema masahif. Kiswahili kilisikia "mu" ya mwanzo kikaichukua kuwa kiambishi, neno likaingia ngeli ya mti na miti. Ndivyo tulivyoifanyia msikiti, tukapata misikiti, na kitabu tukakipa vitabu ingawa "ki" yake ni sehemu ya mzizi. Basi upatanisho ni "msahafu huu", "misahafu hii". "Misahafu hizi" ninayoisikia mara kwa mara ni kosa.

Limebaki tumizi la kisiasa: "Katiba si msahafu", yaani inaweza kurekebishwa. Hapa neno limeachana na kurasa na majalada, likawa jina la chochote kisichoguswa na kalamu ya binadamu. Tumizi hilo limeshazoeleka, na kamusi itakayoliacha nje itakuwa na pengo.