Fosforasi ambayo kipimo chenu hakiioni

Mwanangu,

Barua yako nimeipata na swali lako limenifurahisha. Unasema kati ya Bagamoyo na Unguja, kaskazi ikivuma, mmekuta michirizi ya kahawia imetanda juu ya maji. Mmethibitisha kuwa ni Trichodesmium, bakteria wanaoishi kwa mwanga wa jua, lakini maji hayohayo hayana fosfeti ya kutajika, yaani fosforasi iliyo huru, tayari kutumiwa. Naitrojeni unajua wanaipata kwenye hewa iliyoyeyuka majini. Fosforasi je, wanaitoa wapi?

Umegusa penyewe. Atomu mbili za naitrojeni zimeshikana kwa nguvu mno, na kuzitenganisha ili kuitumia molekuli moja tu hugharimu angalau molekuli 16 za ATP, ile inayobeba nishati ndani ya seli. ATP haijengwi bila fosforasi. Bakteria hawa wana jua la kutosha, naitrojeni haiwaishii, lakini fosforasi ikikosekana watakwama.

Ipo, ila kipimo chenu hakiioni. Viumbe wa baharini wakifa, wakiliwa au wakipasuliwa na virusi, mabaki yao huyeyuka, na fosforasi hubaki imefungwa ndani ya molekuli zenye kaboni. Trichodesmium wana kimeng'enya kiitwacho alkalini fosfatasi, kinachoikata fosfeti kutoka kwenye molekuli hizo. Hata fosfonati, ambamo fosforasi imeungana moja kwa moja na kaboni, wanaziweza: mwaka 2006 watafiti walionyesha kwamba wana jeni za kuuvunja muungano huo mgumu. Wakivunja methilifosfonati, mojawapo ya fosfonati hizo, hutoka methani. Hebu fikiria, gesi tuliyozoea kuihusisha na matope yasiyo na oksijeni inazaliwa kwenye maji ya juu yenye oksijeni tele! Jambo hili linanistaajabisha hadi leo.

Wala usiishie kwenye fosforasi. Wapo wanasa naitrojeni wasiotumia mwanga kabisa. Hao huishi kwa kaboni ya viumbe, ndiyo chakula chao na ndiyo nishati yao. Baharini mna takriban tani bilioni 660 za kaboni ya namna hiyo iliyoyeyuka, ingawa sehemu kubwa ni kuukuu na ngumu kumeng'enya. Sukari inayovuja kutoka kwenye mwani ndiyo laini. Mwaka 2024 ilitangazwa kwamba jamaa wa bakteria wa mizizi ya kunde wamekutwa wakiishi ndani ya daiatomu, mwani wa seli moja, katika Atlantiki ya tropiki, wakilishwa kaboni na kulipa kwa naitrojeni.

Trichodesmium nao huvujisha majini sehemu ya naitrojeni waliyoinasa, na majirani wakaipokea. Kwa hiyo mimi siwaiti wazalishaji tu. Wanachukua na kurudisha.

Mkirudi baharini, pimeni fosforasi yote iliyoyeyuka, kisha katika hesabu hiyo toeni kiasi cha fosfeti. Kinachobaki ndicho mnachokitafuta. Mchuje taratibu sana, kwani seli za Trichodesmium hupasuka upesi, na zikimwaga yaliyomo, hesabu yenu itapanda kwa uongo. Nitumie matokeo hata kabla hujayapanga vizuri.

Nakuombea heri,
Mama yako