Ukitaka kufua kisu, anza kwa kuusoma moto

Kisu changu cha kwanza kilipasuka kabla ya kukata chochote. Nilikuwa nimekifua Jumamosi tatu mfululizo nyuma ya nyumba, hapa Ndosho mjini Goma, kutokana na kipande cha resori, yaani springi, ya gari kuukuu. Nikakipasha hadi kikawa chekundu, nikakitumbukiza kwenye ndoo ya maji. Ikasikika "tii!", sauti ndogo kama ya glasi iliyogongwa kwa ukucha. Nilipokitoa, ufa mwembamba kama unywele ulikuwa umepanda kutoka kwenye makali hadi karibu na mgongo.

Jirani yangu, mzee aliyekulia kwenye uhunzi kule Masisi, alikipokea, akakigeuza mara moja tu. "Mwanangu, resori haipendi maji. Halafu wewe umepiga sana, hukutazama."

Ndiyo maana vijana wanaponiuliza wanunue nyundo gani, huwa nawarudisha nyuma kidogo. Vifaa havina shida kubwa. Goma hatuna reli, kwa hiyo kile kipande cha reli ambacho wahunzi wa kwingine hukigeuza fuawe, yaani chuma cha kufulia juu yake, hapa ni taabu kukipata. Mimi nilichukua kichwa cha nyundo kubwa ya kuvunjia mawe, nikakizamisha kwenye gogo la mkaratusi, na mpaka leo ndiyo fuawe yangu. Nyundo ya kilo 1 inatosha, pamoja na koleo la mikono mirefu. Tanuri langu ni janti la gari nililolipaka ndani udongo uliochanganywa na majivu, bomba la chuma likiingia kwa chini, na mashine ya saluni ya kukaushia nywele ikipuliza. Umeme ukikatika, kuna mivukuto na mdogo wako mwenye mikono mizuri.

Ila nakuomba jambo moja: usijenge tanuri kwa mawe ya volkano. Najua yamejaa kila uwanja tangu volkano ya 2002 ilipopita katikati ya mji, na mtu hudhani yameshazoea joto. Lakini yana vitundu vinavyonyonya mvua. Maji yakigeuka mvuke humo ndani, jiwe linapasuka. Langu lilirusha kipande kikapita karibu na sikio langu, na tangu siku hiyo sisogelei moto bila miwani.

Kuhusu chuma, nenda kwenye magaraji uombe resori iliyotupwa. Nondo za ujenzi, zile tunazoita ferabeto, zinafuliwa vizuri, tena ni nzuri kwa kujifunzia ndoano na misumari, lakini kwa kawaida haziwi ngumu vya kutosha kushika makali, kwa sababu kaboni yake ni ndogo. Ukikigusisha chuma kwenye jiwe la kusagia, cheche zitakuonyesha tofauti: za nondo ni mistari mirefu iliyonyooka, za resori zinapasuka mwishoni kama vitawi. Resori iangalie vizuri kabla ya kuikata, maana iliyobeba mizigo miaka mingi huenda tayari ina nyufa za siri. Na chochote chenye rangi ya fedha ya mabati kisiingie motoni. Moshi wa zinki unakuletea homa na kutetemeka saa chache baadaye, na maziwa watakayokushauri unywe hayakutibu. Fanyia kazi nje. Hewa ya makala, yaani mkaa unaowaka, kwenye chumba kilichofungwa inaua, nayo haina harufu.

Sasa moto wenyewe. Mimi hufua kuanzia saa kumi na moja jioni, kwenye kivuli, kwa sababu jua la mchana linakudanganya: chuma kinachoonekana cheusi juani, kivulini ni chekundu. Resori ipige ikiwa na rangi ya chungwa. Ikirudi kwenye wekundu uliofifia, acha kupiga, irudishe motoni. Hapo ndipo nyufa huanzia. Ikifika njano kali na kuanza kutoa cheche zenyewe, inaungua, na sehemu hiyo ni ya kukata na kutupa. Mwezi mzima wa kwanza nilitengeneza ndoano za kutundikia sufuria, nikizitazama rangi hizo zikija na kuondoka. Sijawahi kujutia mwezi ule.

Umbo likishakamilika, pasha kisu hadi wekundu uliokolea, kiache kipoe hewani polepole, na urudie mara 3. Hatua hii wengi wanairuka, na mimi niliiruka. Nyundo huacha mvutano ndani ya chuma, na kupoa huku ndiko kunakoutuliza.

Kukifanya kigumu, funga sumaku kwenye waya. Chuma kikifika karibu nyuzi 770 sumaku haikishiki tena. Ongeza joto kidogo tu, kisha kizamishe, ncha kwanza, kwenye mafuta ya kupikia yaliyopashwa moto hadi kidole hakivumilii. Tumia chombo cha chuma chenye mfuniko, kamwe si bidoni la plastiki, kwa sababu mafuta huwaka. Kikipoa, pitisha tupa kwenye makali. Ikiteleza kama juu ya kioo, umefaulu.

Lakini hapo kisu ni kigumu na chepesi kuvunjika. Kikianguka sakafuni kinakatika. Kisugue sehemu moja hadi kingʼae, kisha ulaze mgongo wake juu ya kipande kinene cha chuma cha moto. Subiri. Rangi ya majani makavu itatokea mgongoni, itafuatwa na kahawia, kisha zambarau na buluu, zote zikitembea kuelekea makali. Majani makavu yakigusa makali, kitie majini saa hiyo hiyo. Mwenye furu, yaani oveni, jikoni akiweke humo kwa nyuzi 200, saa 2, mara mbili.

Cha pili nilikifua hivyo. Mama anakatia lengalenga na vitunguu kila siku, na tangu Krismasi nimekinoa mara mbili tu. Yule mzee alikuja akakipiga kwa ukucha, akasikiliza, akauliza kama resori imebaki.