Keki za nyumbani: anzia WhatsApp Business

Dada yangu, umeuliza uweke nguvu Instagram, TikTok au Facebook kutangaza keki unazooka nyumbani Tabata. Mimi ningeanzia WhatsApp Business, yaani ile WhatsApp ya wafanyabiashara. Ni bure, ina katalogi ya kupanga picha na bei, na wateja ulionao tayari wamo humo. Status hukaa saa 24 tu, kwa hiyo kila ukioka, weka picha mpya.

Kisha fungua Instagram, maana keki huliwa kwa macho kwanza. Ila bei iandike wazi, tafadhali! Hii ya "bei njoo inboksi" inafukuza wateja kabisa. TikTok isubiri hadi upate mtu wa kukushikia simu ukipamba. Facebook, ingia tu kwenye makundi ya wakazi wa huko kwenu.